Kituo cha Usafiri, Ardhi ya Umma na Haki ya Mtembea kwa Miguu: Mafunzo kutoka Kowloon

(Ufuatao ni mhadhara uliotolewa mbele ya watumishi wa Serikali, Masheha na wananchi wa Mjini Unguja na ofisa wa mipango miji. Unachapishwa kamili kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)



 Nazungumza juu ya jambo ambalo kwa nje linaonekana ni la wahandisi na wachora ramani peke yao, lakini kwa hakika linamgusa kila mwananchi anayepanda gari asubuhi kwenda kazini, kila mama anayeuza sokoni, na kila mtumishi wa Serikali ambaye siku moja ataletewa mkataba mezani autie saini.

Jambo lenyewe ni ujenzi wa majengo makubwa yenye nyumba za kuishi, maduka, maofisi na hoteli kwa pamoja, yanayojengwa kando ya kituo cha usafiri au juu yake. Miji mingi ya dunia imeshika njia hii. Mimi nimechagua mfano mmoja tu, wa kituo cha Kowloon huko Hong Kong, kwa sababu mfano huo una mafanikio ya kuigwa na una makosa ya kuepukwa, na vyote viwili vinaonekana wazi mahali pamoja.

Ndugu Mwenyekiti,

Kabla ya kwenda mbali, naomba tutazame nyumbani. Mtu yeyote aliyekulia mjini hapa anajua kwamba biashara hufuata miguu ya watu. Soko la Darajani limesimama pale tangu mwaka 1904, na sababu iliyolifanya listawi haikuwa uzuri wa jengo lake. Lilistawi kwa kuwa pale ndipo watu wa Mji Mkongwe na watu wa Ng'ambo walipokutana, na pale ndipo magari ya shamba yalipoteremsha abiria na mazao. Mwenye kibanda cha kahawa karibu na kituo cha gari aliuza zaidi ya mwenye kibanda kama hicho katika uchochoro, ingawa kahawa ni ile ile na juhudi ni ile ile.

Hii ndiyo kanuni ya kwanza. Kituo cha usafiri huipa thamani ardhi iliyo jirani nacho, na thamani hiyo haikuletwa na mwenye ardhi. Imeletwa na abiria wanaopita, na kwa fedha za umma zilizojenga barabara, reli au bandari. Mwenye kiwanja anaweza kulala usingizi mwaka mzima, na akiamka akakuta kiwanja chake kimepanda bei mara tatu kwa sababu tu Serikali imejenga kituo mbele ya mlango wake.

Kutokana na kanuni hiyo huzaliwa maswali mawili. La kwanza: thamani hiyo iliyoletwa na umma iende kwa nani? La pili: ardhi yenyewe, yaani pale chini watu wanapokanyaga, ibaki kwa nani? Mji wa Hong Kong ulilijibu swali la kwanza kwa ustadi mkubwa. La pili, pale Kowloon, haukulijibu vyema. Hilo ndilo nitakalolieleza.

HONG KONG NA ARDHI YAKE

Hong Kong ni eneo la visiwa na sehemu ya bara lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,100. Kwa kulinganisha, kisiwa chetu cha Unguja peke yake ni kikubwa kuliko Hong Kong nzima. Lakini Hong Kong ina watu wapatao milioni saba na nusu, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni milima isiyojengeka. Ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza hadi tarehe 1 Julai, 1997, iliporejeshwa kwa China.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni hili. Katika Hong Kong ardhi si mali ya mtu binafsi. Ardhi ni ya Serikali, na mwenye kujenga hupewa kwa mkataba wa kuikodi kwa muda maalumu. Hata katika zama za Waingereza ilikuwa hivyo, isipokuwa kiwanja kimoja tu, cha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana. Anayepewa ardhi hulipa kwanza kilemba, na kilemba hicho hukadiriwa kwa thamani ya ardhi na kwa aina ya jengo linaloruhusiwa kujengwa.

Ndugu wananchi, sisi hapa si wageni wa utaratibu huu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi, na wengi wa wazee wetu walipewa eka tatu tatu za kulima. Sheria ya Ardhi Nambari 12 ya 1992 ikasisitiza kwamba ardhi ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais, na wanaoitumia hupewa haki ya kuitumia kwa masharti. Kwa hivyo, katika jambo hili la msingi, sisi na Hong Kong tumesimama mahali pamoja. Hii ndiyo sababu iliyonifanya niache mifano ya miji ambayo ardhi yake ni ya watu binafsi.

NAMNA MPANGO ULIVYOFANYA KAZI

Mwaka 1975 Serikali ya Hong Kong iliunda shirika la umma la kujenga na kuendesha reli ya mjini, ambalo linajulikana kwa jina la MTR. Njia ya kwanza ya treni ilifunguliwa mwaka 1979. Reli ya chini ya ardhi ni ghali mno kuijenga, na nauli peke yake aghalabu haitoshi kulipa deni lake. Miji mingi huziba pengo hilo kwa ruzuku itokayo katika hazina ya Serikali kila mwaka. Hong Kong ilichukua njia nyengine.

Serikali ililipa shirika lile, pamoja na kibali cha kujenga reli, haki ya kujenga juu ya vituo na juu ya karakana za treni. Kilemba kilikadiriwa kwa bei ya ardhi ile kana kwamba reli haipo. Tuseme, kwa mfano tu, kiwanja kina thamani ya shilingi milioni 100 kabla ya reli, na kikishapata kituo kitakuwa na thamani ya shilingi milioni 300. Serikali hupokea kilemba kwa hesabu ya milioni 100. Ile tofauti ya milioni 200, iliyoletwa na reli yenyewe, hubaki ndani ya mradi na husaidia kulipa gharama ya reli.

Shirika halikujenga majengo yale kwa fedha zake. Liliitisha zabuni na kuingia ubia na makampuni ya ujenzi. Kampuni iliyoshinda ililipa kilemba na ikabeba gharama za ujenzi. Nyumba zilipouzwa, faida iligawanywa baina ya kampuni na shirika kwa mujibu wa mkataba. Mara nyingi shirika lilibakiwa pia na maduka ya chini, likawa linakusanya kodi mwaka hadi mwaka na kusimamia usafi, lifti na taa za majengo hayo. Mmoja wa miradi ya mwanzo ya namna hii ulikuwa wa Telford Gardens, uliojengwa juu ya karakana ya treni ya Kowloon Bay mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mwaka 2000 Serikali iliuza sehemu ya hisa za shirika hili kwa umma, lakini ikabaki na takriban robo tatu. Hivyo basi, sehemu kubwa ya faida inayogawiwa bado inarudi katika hazina.

KITUO CHA KOWLOON

Ndugu Mwenyekiti,

Sasa nakuja kwenye mfano wenyewe. Katika miaka ya 1990 Hong Kong iliamua kujenga uwanja mpya wa ndege huko Chek Lap Kok, mbali na mji, na ikajenga reli ya kwenda huko. Uwanja huo na treni yake ya haraka vilifunguliwa Julai 1998. Kituo kimojawapo katika njia hiyo kiliwekwa magharibi ya Kowloon, mahali ambapo zamani palikuwa ni bahari. Bahari hiyo ilijazwa kifusi na kuongeza nchi kavu ya zaidi ya hekta 300. Wazee waliopo hapa hawatastaajabu, kwa kuwa hata sisi tunakaa juu ya ardhi iliyotwaliwa kutoka majini. Mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulijazwa kidogo kidogo hadi ukatoweka, na leo tunapita juu yake kwa magari.

Juu ya kituo hicho na pembezoni mwake, katika kiwanja cha hekta 13.54, ulibuniwa mradi uitwao Union Square. Ramani yake kuu ilichorwa na msanifu wa Kiingereza, Terry Farrell. Majengo yake kwa pamoja yana sakafu zenye ukubwa wa takriban mita za mraba milioni 1.09. Maana yake ni kwamba kwa kila mita moja ya ardhi kuna mita nane za sakafu zilizopangwa moja juu ya nyengine. Kuna nyumba za kuishi zaidi ya 5,000, kuna hoteli, kuna maofisi, na kuna jumba la maduka liitwalo Elements lililofunguliwa mwaka 2007. Jengo refu kuliko yote, ambalo ni la maofisi na hoteli, lina urefu wa mita 484 na lilikamilika mwaka 2010.

Mradi haukujengwa kwa mara moja. Uligawanywa katika mafungu saba, na kila fungu likatolewa kwa wakati wake. Utaratibu huu ulikuwa na hekima yake. Mwaka 1997 palizuka msukosuko wa fedha katika Bara la Asia, na bei za nyumba Hong Kong zikaanza kuporomoka. Hadi kufikia mwaka 2003 zilikuwa zimeanguka kwa zaidi ya nusu. Lau mradi wote ungekabidhiwa mtu mmoja kwa mkataba mmoja wa mwaka mmoja, huenda ungekwama na kuwa gofu katikati ya mji. Kwa kuwa uligawanywa, mafungu mengine yalisubiri hali itengemae.

FAIDA ZILIZOPATIKANA

Ni haki tuzitaje faida kabla ya kasoro. Kwanza, reli ilijengwa na inaendeshwa bila ya kuilemea hazina kama ilivyo katika miji mingi mikubwa. Pili, maelfu ya watu wanakaa juu ya kituo, hivyo wanateremka kwa lifti na kuingia katika treni bila ya kuhitaji gari. Katika Hong Kong kwa jumla, karibu safari tisa kati ya kumi hufanywa kwa vyombo vya usafiri vya umma. Tatu, kwa kuwa msimamizi wa reli ndiye pia mwenye maduka, anayo sababu ya kuhakikisha treni inakuja kwa wakati na kituo ni kisafi. Treni ikichelewa, maduka yake mwenyewe ndiyo yanayokosa wateja. Utunzaji haukuachiwa hisani ya mtu. Umo ndani ya hesabu za biashara yenyewe.

KASORO ZAKE

Ndugu wananchi,

Kasoro ya kwanza inaonekana na mtu yeyote anayekwenda huko kwa miguu. Kiasi cha kilomita moja tu kutoka Union Square upo mtaa wa kale wa Jordan, na jirani yake Yau Ma Tei, penye soko maarufu la usiku la Temple Street. Huko ndiko zilipo barabara nyembamba, vibanda vya chakula, mafundi wa saa, waganga wa mitishamba na wazee wanaocheza bao la Kichina. Masafa hayo ni kama kutoka Forodhani kwenda Michenzani. Lakini mradi mpya ulizungukwa na barabara kuu zinazokwenda kwenye njia ya gari ipitayo chini ya bahari, iliyofunguliwa mwaka 1997. Majumba yenyewe hayakujengwa juu ya mtaa wa kawaida. Yamejengwa juu ya sakafu kubwa iliyoinuliwa, mfano wa meza. Chini ya meza hiyo mna njia za magari, kituo na maegesho. Katikati mna maduka. Na juu yake mna bustani na milango ya majumba.

Matokeo yake ni kuwa anayetoka Jordan kwa miguu alikutana na barabara za magari na kuta, wala hakuona mlango unaomkaribisha. Ilimbidi atafute daraja, apande ngazi, apite ndani ya jumba la maduka ya bei kubwa, ndipo afike. Mwenye treni au gari alifika kwa raha. Muuza maji ya miwa, mwenye mkokoteni na bibi mwenye kapu hawakuwa na nafasi katika ramani. Wataalamu wengi wa mipango miji wameulaumu mradi huo kwa kuwa ngome iliyojitenga na mji ulioizunguka.

Sisi tunalo neno la hali hiyo, na hatukulitafuta katika vitabu. Neno hilo ni Ng'ambo. Upande mmoja wenye hadhi ulipojengwa, upande mwengine ukageuka kuwa ng'ambo yake, ingawa huo ndio uliokuwepo kwanza. Katika miaka iliyofuata Hong Kong imekuwa ikirekebisha. Kituo cha Austin kilifunguliwa jirani mwaka 2009, kituo cha treni za mwendo kasi za kwenda China Bara kikafunguliwa mwaka 2018, na jumba la makumbusho ya sanaa la M+ mwaka 2021. Madaraja ya waendao kwa miguu na bustani zimeongezwa kuunganisha sehemu hizo. Lakini kurekebisha baada ya kujenga ni ghali kuliko kupanga vyema kabla ya kujenga. Ndiyo maana wahenga wakasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kasoro ya pili ni ya kodi na bei. Nyumba zilizojengwa juu ya kituo cha Kowloon ni za watu wenye uwezo mkubwa. Hong Kong inazo nyumba nyingi za Serikali na za bei nafuu, na kiasi cha asilimia 45 ya watu wake wanakaa humo; lakini hazikuwekwa pale juu ya kituo kile. Aidha, Serikali inayopata mapato makubwa kwa ardhi kuwa ghali hujikuta katika mtihani: kama mwenye ardhi, inapenda bei ipande; kama mlezi wa wananchi, inapaswa kutaka bei ishuke. Mji huo kwa miaka mingi umetajwa miongoni mwa miji ambayo mwananchi wa kawaida hupata shida kubwa zaidi duniani kununua nyumba. Siwezi kusema kwamba mpango wa reli ndio chanzo pekee cha dhiki hiyo, lakini umo katika utaratibu ule ule wa kuifanya ardhi kuwa mtaji.

SISI TUNAHUSIKAJE?

Ndugu Mwenyekiti,

Atakuja mtu aniulize: haya yote ya treni yanatuhusu nini, na sisi hatuna treni? Nitamjibu kwamba tuliwahi kuwa nayo. Mwaka 1905 ilianza kwenda treni kutoka mjini hadi Bububu, na katika miaka ya 1920 ikaacha kuchukua abiria kwa sababu barabara na magari yaliishinda. Lakini jibu la maana zaidi ni kwamba mtu hahitaji treni ili awe na kituo. Kituo cha daladala ni kituo. Gati ya boti Malindi ni kituo. Pahala popote ambapo maelfu ya watu hushuka kila siku pana thamani ya ardhi inayozaliwa pale, na pana mtu anayeitazama.

Tena watu wetu wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu milioni 1.3, na Sensa ya 2022 ikahesabu watu wapatao milioni 1.9. Wengi wao wanakaa mjini na viungani mwake. Wenzetu wa Dar es Salaam, ambako wengi wetu huvuka kwa boti, wanayo mabasi ya mwendo wa haraka tangu mwaka 2016 na treni ya umeme tangu mwaka 2024, na maswali haya haya yanawakabili kando ya vituo vyao. Vituo na masoko ya kisasa ni lazima yajengwe, na hakuna anayepinga maendeleo. Suala ni kwa masharti gani.

Hatuna budi pia kukiri tofauti zetu. Hatuna wanunuzi wa maelfu ya nyumba za bei kubwa, hatuna majumba ya mita 484, wala hatuyahitaji. Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na urefu wa majengo yanayouzunguka ni jambo la kuchungwa. Tunao mfano wetu wenyewe wa ujenzi mkubwa. Majumba ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ramani ya wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, yaliwapa wananchi nyumba za kisasa bila ya kuuzwa kwa matajiri. Ila ramani yake nayo haikuwafikiria sana wafanya biashara wadogo wa chini, na wananchi wenyewe ndio walioweka vibanda na meza zao pembezoni, kwa kuwa maisha hayangoji ramani.

USHAURI

Kutokana na hayo, naomba kutoa ushauri ufuatao. Huu ni ushauri wa kitaalamu, wala si amri.

Kwanza, ardhi iliyo kando ya kituo isitolewe kabla ya kuandikwa bei zake mbili: bei ya kabla ya kituo na bei inayotarajiwa baada yake. Ofisa asiyezijua bei hizo mbili hawezi kujua anagawa nini. Aliyepewa ardhi ya umma kwa bei ya juzi, akaikodisha kwa bei ya kesho kutwa, amechukua jasho la abiria.

Pili, ile tofauti ya thamani itajwe ndani ya mkataba, na itajwe itakwenda wapi. Ikiwa itajenga mabanda ya abiria, vyoo, taa na mitaro ya maji ya mvua, basi na iandikwe hivyo. Fedha isiyoandikwa haina mwenyewe.

Tatu, miradi mikubwa igawanywe mafungu, na anayeshindwa fungu la kwanza asipewe la pili. Msukosuko wa bei hauna miadi na mtu.

Nne, utunzaji uwe na mwenyewe tangu siku ya kwanza. Lifti isiyo na fungu la kuitengeneza ni shimo, na choo kisicho na msimamizi ni maradhi. Anayevuna kodi ya maduka ndiye awajibike na usafi wa kituo.

Tano, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, chini pabaki kwa watu. Kabla ya ramani kupitishwa, ofisa na aitembee kwa miguu njia ya kutoka mtaa wa jirani hadi kituoni, na aitembee pamoja na mzee, mama mjamzito na mtu mwenye ulemavu. Kama njia hiyo inakatizwa na ukuta, na barabara isiyovukika, au na mlango unaofungwa saa mbili usiku, ramani irudishwe ikasahihishwe. Na wale waliokuwa wakiuza hapo kabla ya ujenzi waorodheshwe kwa majina mbele ya Sheha, na nafasi zao katika jengo jipya zijulikane kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa.

Ndugu wananchi, nanyi mnayo sehemu yenu. Mnapoitwa kwenye mkutano wa kuonyeshwa picha nzuri ya jengo lenye vioo, msiulize tu litakuwa na ghorofa ngapi. Ulizeni kodi ya chumba cha duka itakuwa shilingi ngapi kwa mwezi. Ulizeni daladala zitasimama wapi siku ya mvua. Ulizeni watoto wa skuli watavuka wapi. Aidha, nafasi ikishatengwa kwa ajili ya njia ya watu, sisi wenyewe tusiijaze kwa meza na magari. Haki ya mtembea kwa miguu huvunjwa na mkubwa kwa ukuta, na mdogo huivunja kwa kibanda.

Ndugu Mwenyekiti,

Namaliza kwa jina ambalo sote tunalitamka kila siku bila ya kulifikiria. Tunasema Darajani, na hakuna tena daraja pale. Palikuwa na daraja lililovusha watu juu ya maji, kutoka mji mmoja kwenda mwengine. Maji yamekwisha, daraja limekwisha, lakini jina limebaki kutukumbusha kwamba pahala pale palijulikana kwa kuunganisha watu. Hong Kong imetuonyesha kwamba ardhi ya umma iliyo kando ya kituo inaweza kuulipia usafiri wa umma, na hilo ni somo kubwa tulichukue. Imetuonyesha pia kwamba mji unaweza kufanikiwa katika hesabu na bado ukamwacha jirani yake nje ya ukuta. Hilo nalo tulichukue, ili tusilirudie. Kila kituo tutakachokijenga, na tukijenge kiwe daraja.